Saiti tatu, nyumba moja, na kila moja ina akiba yake: jinsi ya kupiga hesabu ya umeme na gesi mwenyewe hapa Uingereza

Jumapili moja mwanzoni mwa Novemba 2025 shangazi kanipigia. Tunaishi mji mmoja hapa Leicester lakini kwa hizi zamu zetu tunaweza kumaliza wiki mbili hatujaonana. Nikamwamkia, marahaba yenyewe akaipitisha haraka haraka, alafu akaingia kwenye shida yake: "Mwanangu hebu nisaidie, nimekaa na hii simu tangu asubuhi nataka kuhama kampuni ya umeme na gesi. Nimeingia saiti tatu za kulinganisha bei, hii inasema nitaokoa paundi 165, hii nyingine inasema 110, hii ya tatu inasema 69. Nikawapigia kampuni yangu nikawauliza, yule kijana akaniambia mama ukihama sasa utaongeza paundi 54. Sasa hapo mwongo nani?"

Jioni nikaenda kwake, tukakaa mezani na bili zake za mwaka mzima na kalkuleta ya simu, na mpaka tunamaliza ilikuwa karibu saa nne usiku. Tulichogundua ni kwamba hakuna mwongo. Namba zote nne zilikuwa zinaongelea nyumba ile ile na dili jipya lile lile, na kila moja ukiipigia hesabu unaifikia mpaka paundi ya mwisho. Tofauti ni kwamba kila mmoja alikuwa analinganisha dili hilo na kitu chake, au kwa yuniti zake. Nimeona niandike kila kitu tulichofanya hatua kwa hatua, maana najua hili jambo linawasumbua watu wengi na wengi wanaishia kubonyeza tu ile saiti yenye namba kubwa.

Na tusilaumiane, wengi wetu tulipokulia hakuna habari ya kuchagua. Tanzania ukitaka umeme ni TANESCO, unanunua LUKU, unaingiza tarakimu 20, yuniti unaziona kwenye mita zinashuka. Kenya vile vile, unanunua tokeni za Kenya Power na maisha yanaendelea. Hapa unakuta kampuni kibao zinakuuzia umeme ule ule unaopita kwenye waya ule ule, kinachobadilika ni bei na jina kwenye bili. Kwa hiyo kama hukufundishwa na mtu, utaijulia wapi?

Kwanza elewa bei yenyewe imekaaje, maana bila hapo hesabu zote zitakuwa kizunguzungu. Bili yako ina vitu viwili kwa umeme na vitu viwili kwa gesi. Kuna bei ya yuniti, yani kilowati saa moja, ni yuniti hiyo hiyo unayoijua kwenye LUKU. Alafu kuna standing chaji, hii unalipa kila siku hata kama umesafiri nyumba nzima imefungwa na hata taa haiwaki. Wabongo wa zamani mtakumbuka ile sevisi chaji ya kila mwezi ya TANESCO ambayo waliwaondolea wateja wa majumbani mwaka 2016, ndo kitu hicho hicho ila hapa ipo na ni kubwa.

Kama hujachagua dili lolote basi uko kwenye mpango wa kawaida wa kampuni, ule unaopanda na kushuka, na huo una kikomo cha bei kinachopangwa na Ofgem, ambao ni wasimamizi wa nishati kama EWURA kule Tanzania au EPRA kule Kenya. Kikomo kilianza Januari 2019 na sasa kinabadilishwa kila miezi mitatu: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kwa kipindi cha Oktoba mpaka Desemba 2025, kwa mtu anayelipa kwa dairekti debiti, yani pesa inayokatwa benki yenyewe kila mwezi, wastani ulikuwa peni 26.35 kwa yuniti ya umeme na standing chaji peni 53.68 kwa siku, na gesi ilikuwa peni 6.29 kwa yuniti na standing chaji peni 34.03 kwa siku. Nasema wastani kwa sababu nchi imegawanywa maeneo 14 na kila eneo lina bei zake, aliyeko London standing chaji yake ya umeme iko chini kuliko ya aliyeko Liverpool. Ndio maana saiti inaanza kukuuliza postikodi. Na ndugu zetu wa Belfast, hiki kikomo cha Ofgem hakiwahusu, Ireland ya Kaskazini ina msimamizi wake.

Sasa ile paundi 1,755 mliyokuwa mnaisikia kwenye taarifa ya habari wakati huo, nimesikia watu wengi wanasema "serikali imeweka mwisho 1,755 hulipi zaidi ya hapo". Hapana jamani, sio hivyo kabisa. Kilichowekewa kikomo ni bei ya yuniti na standing chaji. Hiyo 1,755 ilikuwa mfano tu wa nyumba inayotumia yuniti 2,700 za umeme na yuniti 11,500 za gesi kwa mwaka. Ukitumia zaidi unalipa zaidi, hakuna pa kusimama.

Hatua ya kwanza kabla hujafungua saiti yoyote: tafuta yuniti zako za mwaka mzima. Acha kabisa kuangalia unacholipa kwa mwezi. Hapa ndo watu wengi wanaanguka. Shangazi alikuwa ananiambia "mimi nalipa 175 kila mwezi", na kweli ndio inayotoka benki, lakini ndani ya hiyo 175 kuna deni la baridi iliyopita analilipa kidogo kidogo. Saiti moja kati ya zile tatu ilimpa nafasi ya kuandika anacholipa kwa mwezi badala ya yuniti, na angejaza hiyo 175 wangeigeuza kuwa yuniti na kumhesabia matumizi ambayo hana. Dairekti debiti ni kama mchango unaoweka kwenye kibubu, kampuni inakisia ili kiangazi ulipe zaidi ya ulichotumia na baridi utumie zaidi ya ulicholipa. Haikwambii nyumba yako inakula nini.

Yuniti za mwaka zinapatikana wapi? Kwenye bili, mara nyingi ukurasa wa pili au wa mwisho, kuna sehemu inasema makadirio ya matumizi yako ya mwaka kwa kilowati saa, umeme peke yake na gesi peke yake. Au kwenye app ya kampuni kama una smati mita, ile inayojituma masomo yenyewe. Lakini usiichukue hivi hivi, angalia pale kwenye masomo ya mita kama kuna herufi E au A. A maana yake mita ilisomwa kweli, E maana yake walikisia. Kama mwaka mzima ni E E E basi ile namba ya mwaka nayo ni ya kukisia, na kila hesabu utakayoifanya juu yake imesimama kwenye mchanga. Njia nzuri kuliko zote ni kuchukua somo moja la kweli la leo na somo lingine la kweli la karibu mwaka mmoja nyuma, unatoa, basi. Usichukue miezi mitatu ya kiangazi ukazidisha mara nne, maana Julai gesi ni ya kupikia na kuoga tu, Januari ni nyumba nzima inachemka.

Kwa gesi kuna mtego ambao mimi mwenyewe uliniumiza, na nataka niueleze taratibu. Mita ya gesi haisomi yuniti za kilowati saa, inasoma ujazo, mita za ujazo. Mwaka wangu wa pili hapa nilisoma mita yangu vizuri kabisa, nikatoa ya mwaka jana, nikapata 610, nikaijaza kwenye saiti kama yuniti 610 za gesi kwa mwaka. Saiti ikakubali bila kuuliza. Ikanichagulia dili lenye standing chaji ndogo na bei ya yuniti ya gesi kubwa, maana kwa mtu anayetumia yuniti 610 hilo ndo dili zuri, na kampuni mpya ikanipangia malipo madogo ya mwezi nikafurahi sana. Kufika Machi nadaiwa zaidi ya paundi mia tatu. Mwezi huo nilishindwa kutuma pesa nyumbani, na mama alikuwa anaisubiri. Kwa hiyo nikisema hii kitu ni muhimu namaanisha.

Kugeuza ni hivi: mita za ujazo unazidisha kwa 1.02264, alafu unazidisha kwa namba ya joto la gesi (calorific value) ambayo imeandikwa kwenye bili yako, huwa iko 39 na kitu, alafu unagawa kwa 3.6. Ukitaka njia ya mkato zidisha kwa 11.2 utakuwa karibu sana. Zile 610 zangu zilikuwa yuniti kama 6,800, yani mara kumi na moja ya nilichojaza. Na kama mita yako ni ya zamani sana inayosoma kwa futi za ujazo, imeandikwa ft³ usoni, basi kabla ya hayo yote zidisha kwanza kwa 2.83. Kwa shangazi tofauti ya masomo mawili ya gesi ilikuwa 840, mara 11.2 ni kama yuniti 9,400. Umeme wake ulikuwa yuniti 3,100. Hizo mbili, 3,100 na 9,400, tukaziandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu na ndo tulizotumia mpaka mwisho.

Hatua ya pili: bei. Unahitaji namba nne za unakolipa sasa na namba nne za dili jipya. Hakikisha zote zina VAT au zote hazina, nishati ya nyumbani ni asilimia 5. Kuna bili zinaonyesha bei ya yuniti bila VAT alafu VAT wanaiweka chini kabisa, wakati saiti zinaonyesha bei yenye VAT tayari. Ukilinganisha hivyo kampuni yako ya sasa itaonekana rahisi kuliko ilivyo. Kama haina, zidisha kwa 1.05.

Bei za shangazi ni hizi, zote zina VAT. Mpango wake wa wakati huo ulikuwa wa bei iliyofungwa, yani haibadiliki mpaka mkataba uishe, na ulikuwa unaisha tarehe 31 Januari 2026: umeme peni 24.1, standing chaji 47, gesi peni 5.7, standing chaji 30. Dili jipya analolitaka, nalo ni la kufunga bei mwaka mmoja: umeme peni 24.6, standing chaji 52, gesi peni 5.8, standing chaji 33.

Sasa hesabu. Yuniti mara bei, jumlisha siku 365 mara standing chaji, umeme kisha gesi. Dili jipya:

Umeme 3,100 × 24.6 = peni 76,260, yani paundi 762.60
Standing chaji ya umeme 365 × 52 = paundi 189.80
Gesi 9,400 × 5.8 = paundi 545.20
Standing chaji ya gesi 365 × 33 = paundi 120.45
Jumla paundi 1,618.05

Mpango wake wa sasa kwa hesabu hiyo hiyo unatoka paundi 1,563.95. Na angekuwa kwenye mpango wa kawaida kwa bei za kikomo cha wakati huo angelipa paundi 1,728.25. Kwa hiyo una namba tatu: 1,564 anapolipa leo, 1,618 dili jipya, 1,728 mpango wa kawaida. Hapo shangazi akanyamaza kidogo, akaivuta ile karatasi karibu, akasema "kumbe".

Sasa turudi kwenye zile namba zake nne.

Kijana wa kampuni aliyesema ataongeza 54, huyo kalinganisha 1,564 na 1,618. Tofauti ni paundi 54. Kweli kabisa, ila kachukulia kama bei ya sasa ya shangazi itaendelea mwaka mzima, na isingeendelea, ilikuwa inaisha Januari.

Saiti iliyosema ataokoa 110, hiyo imetoa 1,618 kwenye 1,728. Yani imelinganisha dili jipya na mpango wa kawaida, kama vile shangazi yuko huko tayari. Na hayuko. Hii inatokea sana kwa sababu kwenye fomu kuna kile kiboksi cha "sijui mpango wangu ni upi", na watu tunakibonyeza tumalize haraka. Ukikibonyeza wanakuweka kwenye mpango wa kawaida wa kampuni yako, ambao mara nyingi bei yake ni ya juu kuliko dili lako, na hapo akiba inavimba.

Saiti iliyosema 69, hiyo aliijaza vizuri, mpaka tarehe ya mpango kuisha aliiweka. Ikapiga hesabu ya mchanganyiko: miezi mitatu kwa bei yake ya sasa, alafu miezi tisa iliyobaki kwa bei ya mpango wa kawaida maana ndipo atakapoangukia dili likiisha asipofanya kitu. Robo ya 1,564 jumlisha robo tatu za 1,728 inakuja paundi 1,687. Toa 1,618, unapata 69. Hii njia ina mantiki yake, na kwa miaka mingi ndo ilikuwa njia ya kawaida ya kukadiria, lakini unatakiwa uielewe: sehemu kubwa ya hiyo akiba sio kwamba dili jipya ni zuri sana, ni kwamba wamekuhesabia kuwa utalala usingizi miezi tisa ukilipa bei ya juu. Na mtu anayehangaika kulinganisha bei Jumapili nzima hawezi kulala hivyo.

Na ile ya 165? Hii ilitusumbua kidogo. Mpaka tulipofungua tena tukaona kwamba pale kwenye matumizi alichagua "nyumba ya vyumba vitatu, watu wanne" badala ya kuandika yuniti. Saiti ikamweka kwenye kundi la watumiaji wakubwa, yuniti 4,100 za umeme na 17,000 za gesi. Kwa matumizi hayo mpango wa kawaida ni paundi 2,470 na dili jipya ni 2,305, tofauti 165. Watoto wawili wa shangazi wako chuo, nyumba ya vyumba vitatu kweli lakini wanaolala humo ni wawili. Gesi ya 17,000 karibu mara mbili ya anayotumia.

Kwa hiyo ukikutana na akiba ya aina yoyote jiulize maswali mawili tu: wamenihesabia yuniti ngapi, na wamenilinganisha na nini. Ukikuta saiti haionyeshi haya mawili popote, hata pale pa kubonyeza "tumepataje hii namba", mimi hiyo namba siichukui. Nachukua bei za yuniti na standing chaji peke yake naondoka nazo nikapige mwenyewe. Gharama ya mwaka ndio unayolinganisha, kwa yuniti zako. Akiba ni kutoa tu, na kutoa kunategemea unatoa kwenye nini.

Kuna mambo mengine yanayozitofautisha saiti, haya nitayapitia haraka. Mpango wa kawaida utakuwa bei gani mwaka ujao hakuna anayejua, saiti nyingine inachukulia kikomo cha leo kitabaki hivyo miezi 12, nyingine inaweka utabiri wa wachambuzi kama Cornwall Insight, hapo tu unaweza kupata tofauti ya makumi ya paundi. Saiti nyingine inajumlisha zawadi ya pesa taslimu ya kuhama ndani ya akiba, itoe hiyo, ni ya mara moja na kuna wakati inachelewa kufika. Nyingine inakuonyesha kwanza madili inayolipwa kamisheni, tafuta kama kuna kitufe cha kuonyesha madili yote sokoni.

Standing chaji nataka nisimame hapo kidogo kwa ajili ya wale wanaoishi peke yao kwenye fleti, hasa za umeme tu. Chukua mfano wa madili mawili. La kwanza yuniti peni 24 na standing chaji peni 60. La pili yuniti peni 26 na standing chaji peni 40. Macho yanakimbilia la kwanza maana yuniti ni rahisi. Lakini mtu wa yuniti 1,800 kwa mwaka, la kwanza linamgharimu paundi 651 na la pili 614, ameokoa 37 kwa kuchukua lile lenye yuniti ghali. Familia ya yuniti 4,100 kwao inageuka, la kwanza 1,203 na la pili 1,212. Mpaka wake uko yuniti 3,650, unaupata kwa kuchukua tofauti ya standing chaji ya mwaka, peni 20 mara 365 ambayo ni paundi 73, ukagawa kwa tofauti ya yuniti ambayo ni peni 2. Ndio maana saiti ikikukisia vibaya matumizi haikosei akiba tu, inakosea mpaka dili lenyewe, inakupa la mtu mwingine.

Wale wenye mita ya bei mbili, usiku na mchana, ile ya masaa saba ya bei rahisi usiku, msikubali saiti iwakisie asilimia ya usiku. Wanaweza kukuhesabia kama asilimia arobaini ya umeme wako unautumia usiku wakati wewe unafua na kupika mchana. Mita yako ina masomo mawili, chukua yote mawili, tafuta asilimia yako. Na kinyume chake, dada zangu na kaka zangu mnaofanya kazi za kulea wazee zamu za usiku, kama usiku nyumba iko tupu huo mpango unaweza kuwa unawala bila nyie kujua, maana bei ya mchana huwa juu kuliko ya mpango wa bei moja. Yale madili ambayo bei inabadilika kila nusu saa kama Agile ya kampuni ya Octopus, kwa hayo makadirio ya mwaka usiyaweke maanani kabisa, inategemea wewe unatumia saa ngapi na bei za sokoni siku hiyo.

Wenye mita za kulipia kabla, na wale wanaolipa bili ikija bila dairekti debiti, vikomo vyenu ni tofauti na hizi namba nilizoweka, na madili mengi mazuri yanataka dairekti debiti, kwa hiyo hakikisheni mmechagua aina yenu ya malipo kwenye fomu kabla ya kuamini jibu. Na kama unapata ile punguzo ya baridi ya paundi 150, Warm Home Discount, iulize kampuni mpya kama nao wanaitoa. Kampuni ndogo nyingine hazitoi, na 150 inameza akiba yote uliyoitafuta.

Kilichobaki ni faini ya kutoka, na hapa ndipo uamuzi wa shangazi ulipokaa. Mkataba wake unasema akitoka kabla ya muda analipa paundi 50 kwa umeme na 50 kwa gesi, jumla 100. Kati ya saiti zote tatu ni moja tu iliyoitaja, kwa maandishi madogo, na hata hiyo haikuitoa kwenye akiba. Lakini kuna sheria nzuri ambayo wengi hatuijui: ndani ya siku 49 za mwisho za mkataba wa bei iliyofungwa, kampuni hairuhusiwi kukutoza faini ya kutoka. Mkataba ulikuwa unaisha 31 Januari, rudi nyuma siku 49, unapata 13 Desemba.

Tukapiga sasa hesabu ya kuhama leo dhidi ya kusubiri. Novemba mpaka Januari ndio miezi anayotumia gesi sana, bili za mwaka jana zinaonyesha yuniti kama 3,600 kwa miezi hiyo mitatu na umeme kama 850, na bei yake ya sasa iko chini ya dili jipya. Akihama leo anapoteza kama paundi 15 za hiyo bei nafuu, na faini 100 juu yake. Jumla 115. Ile hesabu ya mchanganyiko ya saiti ya tatu nayo hapa inakosea kidogo, maana inagawa mwaka kama mkate vipande sawa, wakati miezi mitatu ya baridi sio robo ya gesi, kwa shangazi ni zaidi ya theluthi.

Akasema sasa mwanangu je, nikisubiri alafu bei zikapanda? Swali zuri sana na ndo swali la kweli kuliko yote aliyouliza siku ile. Nikamwambia ili kusubiri kuwe ni kosa, dili kama hili litatakiwa lipande zaidi ya paundi 115 kwa mwaka kabla ya 13 Desemba, yani kutoka 1,618 lifike 1,733 na zaidi. Ni asilimia kama saba. Linaweza kupanda hivyo, mwaka 2021 na 2022 tuliona makubwa zaidi, makampuni karibu thelathini yalikufa na kulikuwa hakuna hata dili la kuhamia. Lakini sio kitu cha kawaida ndani ya wiki tano. Mtu mwingine anaweza kuamua alipe hiyo 115 kama bima alale na amani, na sitambishia, mradi anajua kwamba ndio bei ya amani hiyo na sio kwamba anaokoa 165.

Shangazi kaamua kusubiri. Kabla sijaondoka tukaweka alamu kwenye simu yake, Jumamosi tarehe 13 Desemba 2025 saa nne asubuhi, na ile karatasi yenye 3,100 na 9,400 tukaibandika kwa sumaku kwenye mlango wa friji. Tulipanga siku hiyo asubuhi apige picha mita zote mbili, umeme na gesi, tuchukue bei mpya za yuniti na standing chaji kwenye saiti mbili, na tuulize pia kampuni yake wana dili gani la kubaki. Alafu tupige zile hesabu za mistari minne kwa kila dili. Akishachagua kuhama kunachukua siku tano za kazi, na ana siku 14 za kubadili mawazo bila kulipa kitu. Picha za mita azitunze mpaka bili ya mwisho ya kampuni ya zamani ifike, maana kama wakikisia somo la mwisho hizo picha ndio ushahidi wake.